Neno Lililokatikia Hewani

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za utotoni mwangu si ya mama. Ni ya simu ya upepo. Ilianza na mkwaruzo, kama mchele mkavu unaopetwa kwenye ungo, ukafuata mluzi mwembamba wa kuumiza meno, na nyuma yake, mbali kabisa, sauti ya mtu. Mtambo wenyewe ulikaa katika chumba cha pembeni cha kituo cha serikali pale Mtowisa, chumba kilichonuka maji ya betri na vumbi la joto. Waya ulitokea dirishani ukapanda mlingoti mrefu, na sisi watoto tuliamini kuwa mlingoti ule ulinasa upepo ulioshuka kutoka Sumbawanga, huko juu ya Lyamba lya Mfipa, ukingo wa milima uliotutenga na mji, ukiwa umebeba maneno. Hakuna mkubwa aliyetukosoa. Bibi yangu mzaa mama, tuliyeishi naye, aliitikia kwa heshima zote kila sauti ya mjini iliposema "Habari za mchana," kisha akanuna, eti mtu gani huyo anamsalimu mtu mzima bila shikamoo.

Mtambo ulikuwa mikononi mwa Bwana Krispini, mtu mwembamba aliyeongea polepole hata akiagiza chumvi. Alikuwa na sheria zake. Ya kwanza, neno halijafika mpaka lirudiwe. Kila alichosikia alikitamka upya kwa sauti kubwa ili wa mjini athibitishe. Kwa hiyo habari ilitufikia mara mbili, sisi tuliokaa ukutani chini ya dirisha, na tulifundishwa kutoamini ile ya kwanza. Ya pili, kifo hakitajwi hewani. Upepo unasikiwa na kila mtu, alisema, na huwezi kumshtukiza mtu kwa msiba mbele ya wauza dagaa. Aliyefariki "amelala." Basi. Ya tatu, wingu likichungulia juu ya Lyamba, waya unachomolewa mara moja na ncha yake inatupwa nje ya dirisha, hata kama anayeongea ni mkuu wa mkoa. Radi ya Ufipa haina mzaha.

Masika yale mama yangu, Yustina, alikuwa mjamzito, na miguu yake ilivimba mpaka viatu vikamkataa. Mganga wa zahanati akasema apandishwe mjini. Alipanda lori la mpunga pamoja na mama mdogo Leokadia, akaketi juu ya magunia, akanipungia ncha ya khanga mpaka vumbi likamfunika. Mvua ilishuka nyuma yao, barabara ikafungwa, na tangu hapo kila mchana baba, bibi na mimi tulikuwa ukutani. Bibi alikuja na ulezi wake akiuchambua hapo hapo, kwa ajili ya uji wa mzazi. Ulezi wa huku bondeni aliudharau; ule ulitoka kwao, juu.

Habari yetu ilikuja mchana wenye jua kali. Mkwaruzo, mluzi, kisha jina la mama. Bwana Krispini akarudia, "Yustina." Tukasimama. Sauti ikasema tena kitu, na Bwana Krispini akafungua kinywa kurudia, "Amela..." Hapo hapo mwanga mweupe ukajaa chumbani. Wingu lilikuwa limekuja kwa nyuma, upande ambao hakuna aliyeutazama. Radi ilipiga mlingoti, mtambo ukatoa moshi, naye akajikuta ameketi sakafuni akishika masikio.

Amela. Nusu neno. Amelazwa, au amelala?

Walimzunguka wakimtaka amalizie. Alitikisa kichwa. "Nilichosikia ndicho nilichosema," akasema. "Siwezi kumuongezea mtu neno." Hata baba alipomshika kola ya shati alirudia hayo hayo. Jioni majirani wakaanza kuingia kwetu wamejifunga khanga kiunoni, na mmoja alipoangua kilio bibi akamtoa nje kwa mwiko. "Neno nusu halililiwi!" alifoka. "Nendeni mkalie kwenu!" Wakaondoka wakinong'ona kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeichukia methali hiyo maisha yangu yote.

Kulikuwa na njia ya miguu ya kupanda Lyamba, mbaya na yenye utelezi, lakini watu waliipita. Baba alifunga mzigo wake mara kadhaa, akaufungua. Waliosema mama amelala walimwambia hakuna la kuwahi, watamzika bila yeye. Waliosema amelazwa walimwambia yuko mikononi mwa madaktari, subira yavuta heri. Walibishana juu ya kila kitu, isipokuwa kwamba asiende. Nami nilikwenda kila mchana kukaa chini ya dirisha la chumba kile, ingawa mtambo ulikuwa maiti, na naapa nilisikia mkwaruzo. Nilisikia hata pumzi ya mtu anayetaka kusema. Mpaka leo upepo ukipita kwenye waya wa nguo nasimama.

Barabara ilipokauka, lori likashuka na vipuri vya mtambo. Juu yake alikuwa mama mdogo Leokadia peke yake, nywele zimenyolewa. Hatukuhitaji kuuliza. Lakini baba aliuliza lile jingine, neno lilikuwa lipi. Mama mdogo akamshangaa. "Amelazwa, shemeji," akasema. "Nilisimama pale pale yule wa mtambo wa mjini akituma. 'Yustina amelazwa, anaomba aletewe Gaudensia amwone.' Tuliwangoja. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuka kutazama." Gaudensia ni mimi. Neno lilipokatika mama alikuwa hai, na aliendelea kuwa hai siku zile zote sisi tukibishana. Baba alikwenda kukaa chini ya mlingoti ulioungua, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Sasa naishi Sumbawanga mjini. Lami inakwenda mpaka Mbeya, mlingoti wa simu uko karibu kila kilima, na habari ya msiba inaingia kwenye kundi la ukoo pamoja na picha kabla maiti haijapoa. Tumepata wepesi, tumepoteza haya ya Bwana Krispini, na sijui kama tumefanya biashara nzuri. Mwaka jana binti yangu, mwenye jina la mama yangu, alinipigia kutoka chuoni Mbeya. "Mama, nipo hos..." Simu ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Mume wangu akaniambia nitulie, mtandao utarudi. Nilikuwa tayari navaa viatu.

Nilimkuta uani kwa hosteli anafua shuka, simu yake imeisha chaji. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama! Umetoka Sumbawanga kwa ajili ya 'hos'?" Nikamshika mikono yake yenye povu, nikamwomba aseme upya alichotaka kusema, chote, mpaka mwisho. "Nipo hosteli," akasema, sasa hacheki tena. "Nafua. Niko salama." Nami nikarudia kwa sauti kubwa, neno kwa neno, mpaka Yustina akaitikia kwamba limefika.