Siku Isiyokuwa na Kivuli

Nilipokuwa mtoto kule Temeke, enzi Mwingereza akitawala na Temeke yenyewe ikiwa bado muhogo, minazi na nyumba za udongo zilizokaa mbalimbali kama watu waliogombana, nyumbani kwa bibi yangu hatukuwa na saa ya ukutani. Tulikuwa na vivuli. Bibi, mama yake baba, alikuwa na sheria moja aliyoisimamia kuliko nyingine zote: kivuli chako kikiwa kirefu kukuzidi, lima, kikiwa kifupi kuliko wewe, acha jembe hapohapo uingie ndani. Kwa sababu tangu saa tatu hadi saa tisa, alisema, jini wa mchana hupita mashambani akiwatafuta watu ambao vivuli vyao vimepungua. Saa sita, kivuli kinapoingia chini ya nyayo, mtu hana tena cha kumshikilia ardhini. Anabebwa.

"Ukikosa kivuli chako," alikuwa akituambia, "kaazime cha nyumba."

Kwa maneno sheria hiyo ilikuwa ya watu wote. Kwa vitendo ilikuwa ya mtu mmoja. Mie nikichelewa kwenye matuta mpaka saa tano, Bibi aliniita mara moja, kivivu, kama anayeita kuku. Akichelewa Chausiku, Bibi alimfuata mwenyewe na fimbo mkononi.

Chausiku alikuwa binti wa shangazi yangu, amenizidi mwaka mmoja. Alizaliwa usiku, ndiyo maana akapewa jina hilo, na kulipopambazuka watu wakaona wamempa jina la usiku mtoto mweupe kama tui la nazi. Zeruzeru, ndivyo tulivyosema wakati ule. Siku hizi tumejifunza kusema mtu mwenye ualbino, na ni vizuri, ingawa nimewasikia wengi wakilitamka neno jipya kwa mdomo uleule wa zamani. Shangazi alipoolewa mara ya pili, mume mpya alisema nyumba yake ni ndogo. Nyumba hiyo ilikuwa na vyumba vinne. Chausiku akaletwa kwa Bibi.

Majirani waliamini kwamba zeruzeru hafi, hutoweka. Ushahidi wao ulikuwa Shomari, marehemu kaka yake Bibi, ambaye ngozi yake ilikuwa kama ya Chausiku. Kila mtu alikuwa na mjomba au jirani aliyemwona Shomari akiingia kwenye muhogo saa sita mchana asitokee upande wa pili. Bibi akiisikia habari hiyo hakuikubali wala hakuikataa. Alitema tambuu, akaendelea na kazi.

Basi Chausiku akienda bondeni kulima alivikwa kama anayekwenda vitani: kaniki moja kiunoni, nyingine toka kichwani mpaka kwenye vidole, na juu ya yote kofia ya ukindu aliyosukiwa na Bibi, ukingo wake mpana kama ungo. Watoto wa jirani walimwita Uyoga.

"Uyoga huyoo! Mvua imenyesha wapi?"

"Imenyesha kwenu," Chausiku aliwajibu bila kuinua kichwa. "Ndo maana paa lenu linavuja na mama yako analala kwa jirani."

Ngozi yake ilikuwa laini. Ulimi haukuwa.

Wala mtu asidhani imani hizi zilikuwa zetu sisi peke yetu. Afisa wa kilimo wa Kiingereza, Bwana Shamba, alipokuja kukagua muhogo wa akiba ya njaa, alivaa chepeo kigumu kama nusu ya kibuyu, na kitambaa kikimning'inia kisogoni. Bibi akamwuliza mkalimani wake kulikoni. Mkalimani akanong'ona kwamba Wazungu wanaamini jua la Afrika hupenya fuvu likawavuruga akili. Bibi akamtazama Bwana Shamba kwa huruma ya kweli.

"Kumbe nao wana jini wao," akasema. "Mpe pole."

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na nilikwisha haribiwa na shule. Mwalimu wetu wa hesabu alisimika fimbo uwanjani, tukapima kivuli chake kila saa. Kikapungua, kikawa kama kidole, kikarefuka tena, na fimbo haikubebwa na mtu. Nilirudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyeokota kisu: sikuwa na cha kukata, lakini nilijua kitapatikana.

Kilipatikana likizo ya masika. Bibi alikwenda mazikoni Mbagala tangu alfajiri, akatuachia agizo: matuta matatu ya bondeni yapandwe miche ya nyanya chungu kabla hajarudi, tusaidiane, na sheria ya kivuli ishikwe. Kwa sheria ile, kusaidiana maana yake Chausiku apande hadi saa tatu, kisha akakae ndani akisuka ukindu, nami nibaki na matuta. Hilo ndilo lililoniuma. Niliseme wazi, maana kwa miaka mingi nimeisimulia habari hii kama habari ya mtoto aliyependa ukweli. Si kweli. Ilikuwa habari ya mtoto asiyetaka kupanda miche peke yake.

Siku hiyo kulikuwa na mawingu. Mawingu mazito ya masika, hakuna upepo, fukuto tupu, mbingu nzima rangi ya sufuria. Ilipokaribia saa tatu Chausiku akasimama, akaanza kukung'uta udongo magotini.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Ndani. Saa yangu imefika."

"Umejuaje? Kivuli chako kiko wapi?"

Akatazama chini. Akajizungusha mara moja kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Hakipo."

"Changu je?"

"Hakipo."

"Na cha mgomba ule? Na hicho cha nyumba unachokwenda kuazima?"

Akautazama mgomba, kisha akalitazama paa la nyumba.

"Haya niambie, leo jini atambeba nani? Aibebe Temeke nzima na migomba yake?"

"Bibi akijua?"

"Bibi yuko Mbagala. Njoo bwana, Chau, tupande wote. Na hilo joho livue, utaivia humo ndani."

Alinitazama kwa muda. Siku za jua kali macho yake yalikuwa yakichezacheza, hayatulii mahali. Siku ile yalitulia. Kisha akavua kofia, akaitundika kwenye mgomba. Akavua kaniki ya juu. Ile ya kiunoni akaipandisha, akajifunga kifuani kama wanawake wote wa bondeni, mabega wazi, akachukua fungu la miche.

Tukapanda wote. Yeye akitoboa mashimo kwa kijiti, mie nikiweka mche na kushindilia udongo. Alikuwa na mikono myepesi kuliko mie na alinikejeli kwa hilo, akasema miche yangu imelala kama walevi. Tukarushiana tope. Tukala mihogo ya kuchemsha hapohapo kwenye tuta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mara mojamoja niliinua macho kuangalia kama jua litatokeza, maana hata uwakili wangu ulikuwa na mpaka. Halikutokeza hata mara moja. Nilijisikia mwenye akili kuliko watu wote wa Temeke, na chini ya akili hiyo kulikuwa na kitu kinanikera, kama mchanga ndani ya kiatu.

Alasiri, tulipokuwa tukimwagilia, alisema mabega yanamwasha.

"Upupu huo," nikamwambia.

Jua lilipokuwa likizama haikuwa upupu tena. Shingo, mabega, masikio na migongo ya nyayo vilikuwa vyekundu na vya moto. Ukisogeza kiganja bila kumgusa unasikia joto. Akaanza kutetemeka. Bibi aliporudi alisimama mlangoni akiwa bado na kanga ya msiba, akamtazama Chausiku, akanitazama mie. Alichota maji ya mtungini, akalowesha vitambaa, akamfunika. Kufikia asubuhi malengelenge yalikuwa yameumuka mabegani kama maandazi.

Siku tatu nilikaa mlangoni mwa chumba kile. Mie, bingwa wa fimbo na vivuli, niliogopa kwamba nikimpa mgongo atatoweka. Nikitumwa kisimani nilikwenda mbio nikarudi mbio, ndoo ikifika nusu tupu, na kila nilipoingia nilianza kwa kutazama kitandani. Shule yote ilikuwa imenitoka. Nilibaki na maneno ya majirani, na kila pumzi aliyovuta Chausiku nilikuwa naihesabu.

Siku ya tatu, Bibi akimpaka utomvu wa shubiri, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote: mawingu, kivuli, jini, joho. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Unamjua Shomari?" akaniuliza.

"Kaka yako. Aliyetoweka."

"Hakutoweka popote. Amefia chumba hikihiki. Alikuwa na kidonda shingoni, kimeanza kama punje ya mtama, kikawa kama kiganja changu. Akilima kifua wazi tangu mdogo, nani angemkataza? Nilimwosha kidonda hicho mie, mpaka siku ya mwisho. Baba yetu akaona aibu kwa harufu, akamficha. Watu waliposema katoweka, akawaacha waseme. Nami nikawaacha. Ukimwambia mtoto kuna kidonda, atakuuliza kiko wapi. Ukimwambia kuna jini, anaingia ndani."

Nikaruka, nimepata nilichokuwa nakitafuta. "Kwa hiyo Bibi, jini hayupo!"

Bibi akanigeukia na kiganja kimejaa utomvu. "Nani kakwambia hayupo? Kazi yake si hii hapa kwenye mgongo wa mwenzio? Siku ya jua utamsikia anakuja. Siku ya mawingu anatembea pekupeku, humsikii."

Chausiku, uso umezama kwenye mto, akacheka. Ndipo nikajua kwamba hatatoweka.

Ngozi ilibambuka vipande vipande, ikaota nyingine. Miche ya nyanya chungu ilishika yote, hata ile yangu ya kilevi. Tangu siku hiyo Bibi aliongeza kifungu kwenye sheria yake: siku isiyo na kivuli, kofia haitoki kichwani. Akanipa mie kazi ya kumkagua Chausiku kila asubuhi kabla hajatoka. Niliifanya kwa ukali wa askari wa jela, naye akanitukana kila asubuhi kwa matusi mapya.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, nilisoma kwamba katika jua imo miale isiyoonekana kwa macho, hupenya mawingu na kuunguza ngozi hata pasipo kivuli chochote. Niliyarudia maneno hayo mara tatu, nikafunga kitabu, nikatoka nje. Kitu kisichoonekana, kinapita mashambani mchana, kinawaumiza wengine kuliko wengine. Bibi alikuwa amekosea jina tu, na hata hilo sina hakika nalo, kwa kuwa mie miale hiyo sijaiona kama yeye asivyomwona jini. Sote wawili tuliona mabega ya Chausiku.

Chausiku yupo, amezeeka, anasuka mikeka na kumsema kila anayepita barazani kwake. Miaka michache iliyopita walimkata kipande cha sikio la kushoto, kilikuwa na kidonda kisichotaka kupona. Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Nilimwuliza daktari, kijana mpole, kama angeweza kujua kidonda kama kile kimetokana na jua la siku gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa tone gani la mvua lilijaza mto. Akasema ngozi haisahau siku hata moja, lakini pia haitaji jina la siku.

Tuliporudi nikamwambia Chausiku kile ambacho sikuwahi kumwambia: kwamba nilimdanganya kwa hoja zangu za kivuli, na kwamba nilifanya hivyo kwa uvivu.

"We bado uko na siku ile?" akasema. "Hukunidanganya. Jini wala sikuwa namwogopa. Nilijua nitaungua, niliwahi kuungua nikiwa bado kwa mama, hata kabla hujaanza shule, tena siku ya mawingu vilevile."

"Sasa kwa nini ulivua?"

Akaishika bandeji ya sikioni.

"Ulisema tupande wote. Nani mwingine aliwahi kuniambia hivyo?"

Nimeishi miaka yote hii nikiilaumu akili yangu, na nakiri kwamba katika lawama hiyo mlikuwa na majivuno. Mtu hujutia zaidi kosa linalomwonyesha kuwa alikuwa hodari. Kumbe hoja zangu zote hazikumsogeza hata hatua moja. Kilichomtoa ni maneno mawili niliyoyasema nikifikiria matuta yangu. Aliyapokea kama mwaliko, akavua kofia akijua bei yake. Nami mpaka leo sijui kama nimwombe radhi kwa kumwita siku ile, au kwa siku nyingine zote ambazo sikumwita.