Elfu Sitini za Mama Tumsifu

Siku ya kwanza niliyofanya biashara na Mama Tumsifu, alinishusha bei dola mia sita kwenye Toyota Sienna. Wakati huo nilikuwa nauza magari ya mitumba huku ughaibuni. Alipiga magoti kwenye theluji, akamulika uvunguni kwa tochi, akainuka polepole.

"Baba Brandon, chumvi ya kuyeyushia theluji barabarani imeshalila hili gari. Unaniuzia chuma au unaniuzia matundu?"

Nilicheka, na mimi nikicheka nimeshindwa.

Jina lake Tumpe, mtu wa Mbeya, mjane. Miaka ishirini na miwili aliogesha na kugeuza wagonjwa katika nyumba ya wazee kule Plymouth, akiweka akiba. Mwanawe wa pekee, Tumsifu, alipotaka kununua nyumba Blaine, alimpa dola elfu sitini. Alimuuliza mhasibu swali moja tu: zawadi kama hiyo ina kodi? Akajibiwa kuna fomu ya kujaza, kodi hakuna. Mhasibu hakudanganya. Benki ya Tumsifu nayo ilitaka barua kwamba pesa hizo ni zawadi, si mkopo, na hazitadaiwa kamwe. Mama akatia sahihi. Siku ya kuhamia, alimwekea mwanawe mikono kichwani mbele ya watu wa kanisani, akasema, "Nilichokupa nimekibariki."

Mwaka wa tatu baada ya hapo kiharusi kikamlaza mama, upande wa kushoto ukapooza.

Mimi nilikuwa nimeshaacha magari. Pamoja na mke wangu, Rahab, nilikuwa na nyumba ya kutunzia wazee Columbia Heights, vyumba vinne, kimoja kitupu. Tumsifu akamleta. Nikataja bei, nikamtazama mama nikingoja anishushe.

"Sawa," alisema.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Akiba yake ilitosha miezi miwili. Baada ya hapo tulitegemea serikali ilipe. Lakini kaunti, ambayo ndiyo hulipa kwa niaba ya serikali, hutazama miaka mitano nyuma, ione mtu aligawa nini kabla ya kuomba msaada. Ikaziona elfu sitini. Kwa sababu ya pesa hizo, ikasema haitalipia chumba miezi sita.

Nilikwenda mwenyewe kwa afisa. Nikamwambia huenda ulikuwa mkopo. Akanigeuzia kompyuta, nikaiona barua ya benki na sahihi ya mama. Kijana wa watu, mpole, hana cha kupunguza wala cha kuongeza. Dawa ni moja, alisema: pesa zirudi.

Tumsifu alikubali kuiweka nyumba rehani kwa mkopo wa pili ili azipate. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nitakurudishia."

"Unirudishie nini?"

"Zile pesa."

"Na baraka utairudisha kwa benki gani?"

Nikaingilia. "Mama Tumsifu, hii ni karatasi tu. Zikirudi, unabaki hapa."

"Mzazi anayedai alichobariki amelaani. Wewe zungumza bei za magari, baba."

Nikafikiria kumweka kwa nusu bei. Rahab akanivuta jikoni. "Nusu ataitoa nani? Na Mumbi anayemwogesha utamlipa nini, baraka?"  

Mama Tumsifu aliondoka Jumanne. Kwa Tumsifu, Blaine, vyumba vya kulala viko juu, kwa hiyo kitanda chake kiliwekwa sebuleni, mbele ya televisheni. Tumsifu akaacha kazi ili amtunze. Mkewe, Chepkemoi, akawa anafanya zamu mbili kila siku. Chumba nilimpa mzee mwingine wiki iliyofuata.

Miezi sita ilipokwisha, kaunti ikaanza kulipa, ila kwangu kulikuwa kumejaa. Alipatiwa kitanda mji mwingine, mwendo wa saa mbili kwa gari, ambako hakuna anayejua Kiswahili. Nasikia siku hizi hasemi sana.

Mwezi uliopita Tumsifu aliniletea ile Sienna ya mama yake, niinunue. Nyumba hajaipoteza, lakini malipo ya mwezi yamemkaba. Nilihitaji gari la kuwapeleka wazee hospitali. Nikataja bei ya chini makusudi, nikingoja abishe, maana ningepandisha.

Alinipa funguo.