Gari Lililompeleka Bwana Harusi Paje

Gari lile nililinunua miaka michache baada ya Mapinduzi, nilipokuwa nasomesha skuli ya Kiembe Samaki. Karani aliyeniuzia alinikabidhi funguo huku machozi yakimlengalenga. Nikadhani anahuzunika. Wiki ya pili nikafahamu kuwa alikuwa mtu mwenye furaha kubwa.

Vipuri wakati ule havikupatikana, lakini fundi wangu wa Jang'ombe hakuvihitaji. Yeye alitumia waya, sabuni na vipande vya ndara.

"Gari zima hili, mwalimu," akaniambia. "Lina kiu tu."

Kiu yenyewe ilitaka mtungi mzima kila safari. Asubuhi majirani walinisalimia wameshakunja mikono ya mashati, tayari kusukuma. Mtaa wetu haukuwa na mtu mnene.

Mdogo wangu akapata mchumba Paje. Mimi, kaka mkubwa mwenye gari, nikatangaza kuwa bwana harusi nitampeleka mwenyewe.

"Bwana, si tukodi gari?" mke wangu akauliza.

"Na hili nini?"

"Ndilo nnalouliza mimi."

Tukaondoka baada ya adhuhuri ili tuwahi ndoa alasiri. Mdogo wangu alikaa mbele, kanzu mpya na joho la kuazima. Mke wangu nyuma, kapakata mtungi. Tunguu tukalinywesha maji. Kitogani tukalinywesha tena. Tulipobakisha maili tatu hivi, ukasikika mlio kama sufuria linaloporomoka ngazini, na mti wa gia ukanibakia mkononi.

Mdogo wangu akautazama. "Kaka, na hili hufanya kila siku?"

"La. Hili jipya."

Tulikaa kando ya njia tukipigwa na jua mpaka likatokea gari la ng'ombe, limepakia makuti. Mzee mwenye gari lake akateremka.

"Shikamoo," tukasema sote.

"Marahaba. Mnakwenda harusini?"

"Tunakwenda kuoa," akajibu mdogo wangu, kwa sauti ya mtu asiye na hakika.

Mzee akampandisha juu ya makuti, akampandisha na mke wangu. Kisha akatoa kamba. Ningeweza kuliacha gari pale pale, lakini kiburi hakikuniruhusu. Basi tukaingia Paje hivyo: ng'ombe mbele, bwana harusi juu ya makuti ameshika kilemba, na mimi nyuma ndani ya gari langu, nikizungusha usukani kwa heshima zote.

Vigelegele vilianza, vikakatika, vikageuka kicheko. Baba wa bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni na shekhe, alasiri imeshapita zamani.

"Tuliambiwa bwana harusi anakuja kwa gari," akasema. "Hatukuambiwa gari gani."

Nilitamani ardhi inimeze. Mdogo wangu akaruka chini, akajipangusa joho, akacheka kuliko wote. Ndoa ikafungwa kabla ya magharibi, na mzee wa makuti akakalishwa karibu na shekhe, akala pilau kama mmoja wa jamaa.

Gari nililiacha kule kule; nilisikia kuku wa wakwe walilipenda sana. Siku ya pili tukarudi mjini kwa gari la abiria. Mke wangu alijizuia mpaka Tunguu. Hapo akajifunika uso kwa buibui, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Usiwahadithie watu," nikamwomba.

Kwetu Jang'ombe tuliwakuta majirani wameshajua.