Mashine ya boti ya marehemu shemeji yangu: nilisafisha kabureta, ikawaka, na hapo ndipo tabu ilipoanza

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji tu, leo naandika. Ninayoyasema nimeyaona mwenyewe na sina haja ya kuyatia chumvi. Ningekuwa na uwezo ningeyapunguza.

Kazi yangu ni viyoyozi na mafriji, mahotelini huku Mji Mkongwe. Mashine za boti nilizijulia kwa shemeji yangu Makame, mume wa dada yangu Zuwena. Mtu wa kisiwa cha Tumbatu, mvuvi, mcheshi, mbishi wa mpira kupita kiasi. Alikuwa na mashine moja kuukuu ya kupachika nyuma ya boti, ndogo, ile ya kuchanganya petroli na oili. Akiipenda mpaka dada akawa anamtania kuwa yeye mkewe kaolewa ukewenza na chuma.

Boti aliilaza Mkokotoni, ng'ambo ya Tumbatu, lakini mashine alirudi nayo nyumbani Bububu kila alipotoka baharini. Aliogopa wezi.

Siku moja presha ikampanda akiwa nyumbani. Hospitali hatukumfikisha. Akavushwa kwa boti ya watu, akazikwa kwao Tumbatu, na dada akaingia eda.

Sasa wakuu, kosa la kiufundi lilianzia hapo. Kwetu vitu vya marehemu havichezewi mpaka mjane atoke eda na mirathi ipitiwe. Dini haijasema usimwage petroli iliyobaki kwenye mashine, ni sisi tu na heshima zetu. Kila aliyeingia stoo aliiona imeegemezwa ukutani, akamuombea Makame dua, akafunga mlango. Na mimi nikiwemo. Petroli ikabaki ndani ya kabureta, inakauka pole pole kwa miezi.

Eda ilipokwisha familia ikakubaliana boti na mashine viende kwa Haji, mdogo wake Makame. Yeye ndiye anayemtunza mama yao, Bi Mize, huko Tumbatu, na hakuwa na chombo chake mwenyewe.

Nikasema basi rahisi, tuipakie, tuivushe, Haji atatafuta fundi hukohuko. Dada akakataa.

"Mume wangu katoka mlango huu kabebwa," aliniambia. "Mashine yake haivuki imebebwa. Itakwenda kwa Haji inawaka yenyewe."

Mjadala ukafungwa hapo.

Nikaifunga kwenye pipa la maji uani. Petroli mpya, oili mpya, plagi mpya. Navuta kamba, kimya. Navuta mpaka bega linalalamika, kimya. Nikatia matone ya petroli kwenye tundu la plagi, ikawaka kidogo ikafa. Kwa hiyo cheche ya plagi ipo, ila mafuta hayafiki.

Ile pampu ya mpira ya kuminya kwa mkono ilikuwa laini muda wote, haijai. Nikakuta paipu imepasuka kwenye maungio, inavuta hewa. Nikabadilisha. Pampu ikajaa vizuri, mashine ikawaka kwa choki, nikajiona bingwa. Nilipoongeza moto ikakohoa, ikazima.

Hapo nikajua ni kabureta. Nikaifungua. Kile kibakuli cha chini kilikuwa na utando wa kahawia unaonata mfano wa halua iliyosahauliwa, na sindano ya floti, ile inayofungulia mafuta, imeganda mahali pake. Nikaloweka kila kitu kwenye petroli safi. Jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta, nikazizibua kwa uzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa umeme, maana ukitia sindano ya chuma unapanua tundu, na hapo umeiharibu moja kwa moja. Nikapuliza kwa mdomo. Petroli nimeinywa, sifichi.

Nikarudisha. Idle, ule mngurumo wa taratibu, ni safi; ukiongeza moto inakufa.

Niliichukia siku ile. Nilikaa juu ya ndoo nikamsema Makame peke yangu, kwamba yeye kaondoka kaniachia matatizo yake. Halafu nikaona haya, nikafungua upya. Kumbe kuna kimrija chembamba juu ya jeti kubwa, chenye vitundu pembeni, nilikuwa sijakitoa. Vitundu vyote vimeziba. Nikavizibua kimoja kimoja.

Mvuto wa kwanza, ikaitika. Nikaongeza moto, maji yakaruka pipani, na haikuzima.

Dada alitoka jikoni na mikono ina unga. Akasimama anaisikiliza. Watu walimsifu eda nzima kwa subira yake, na hata pale hakulia. Akarudi jikoni. Nami nikafurahi, wakuu, nikaona nimemfanyia jambo dada yangu.

Asubuhi iliyofuata tukaenda Mkokotoni, tukaifunga kwenye boti, tukavuka. Ilikuwa mara ya kwanza dada kwenda ukweni toka msiba. Mashine ilikwenda bila kukohoa hata mara moja.

Tulipokaribia pwani nikamuona Haji anatupungia mikono yote miwili. Nikadhani furaha. Nikaongeza moto ili asikie ilivyopona.

Kumbe alikuwa anatuambia tuizime.

Bi Mize alikuwa keshatoka nyumbani, anateremka mchangani, na kanga kavu begani. Dada akashuka, akampa shikamoo, akamshika mkono. Bibi akaitikia marahaba kwa upole, huku macho yakiwa kwenye boti.

"Mbona Makame hashuki?" akauliza.

Akauliza tena, akasema ameleta kanga mwanawe ajifute maji.

Dada akapiga magoti kwenye mchanga, akamkumbatia miguu, akalia kilio ambacho eda yote hakukilia. Bibi akawa anampapasa kichwani, anamuuliza nani kamuudhi.

Baadaye Haji akanieleza. Kumbukumbu za mama yao zimekwisha. Mwanzo kila akimuulizia Makame walimwambia ukweli, na kila mara alilia upya kama habari ya siku hiyo. Kisha akaacha kuuliza, nao wakashukuru. Dada hawakumwambia kwa sababu alikuwa ndani ya eda, wakaona ana mzigo wake. Na mlio ule bibi anaujua toka nje kabisa ya mwamba, maana Makame akija kumsalimu alikuwa akimpokea palepale mchangani.

Sasa Haji anavua, nyumba inakula, na mashine haina tatizo. Ila akirudi anaizima mbali, anamalizia kwa pondo, hata akiwa hoi. Siku upepo ukipeleka sauti pwani, anamkuta mama mchangani na kanga yake.

Funzo la ufundi: mashine ikilazwa muda mrefu, chomoa paipu, iache iwake mpaka imalize mafuta yenyewe, kisha mwaga kibakuli cha kabureta. Fanyeni hivyo hata kukiwa na msiba, mtu mmoja ajitoe, marehemu hatachukia. Funzo la pili bado sijalipata, mwenye nalo anisaidie.

Mafundi mliomo humu, swali langu ni hili. Kuna namna ya kubadilisha mlio wa mashine kuukuu kama hii? Nguvu sitaki ipungue, Haji anaitegemea. Nataka tu isisikike kama ya Makame.