Rangi Haikuwa na Kosa

Simu ilimkuta fundi cherehani na pasi mkononi. Aliyepiga alikuwa mwanamke aliyefanya kazi na kaka yake kwenye maabara ya hospitali. "Dada, kaka yetu ametutoka sasa hivi."

Akaduwaa mpaka gauni la mteja likaungua. Saratani ya damu, na siku tano tu tangu alazwe! Wiki mbili nyuma kaka alikuwa akipanda ngazi mbili mbili.

Mama yao aliuliza jambo moja tu: "Mtu aliyesoma damu za watu miaka ishirini na sita, alitufichaje yake?"

Dada alilibeba swali hilo. Akaenda maabara.

"Hakuficha," mwanamke yule alimwambia. "Kila chupa mpya ya rangi ya kupaka damu ili seli zionekane ilipofika, aliijaribu kwa damu yake, kwa kuwa alijiona ana afya. Wiki iliyopita alichungulia, akasema, 'Bibi wee, wameniletea uji, si rangi.' Akaimwaga. Ya pili, akataka kuimwaga pia. Nikamwambia, 'Mzee, jaribu damu yangu.' Akanicheka, 'Yako soda tupu, kwa unavyozinywa.'"

"Ikawaje?"

"Nikajitoboa kidole mwenyewe. Rangi hiyohiyo ikatoka safi. Akakaa kitini, akavitazama vioo vya damu zetu mpaka tulipofunga. Kesho yake akalazwa."

Akamwekea dada vioo vile viwili kwenye hadubini, kimoja baada ya kingine. Kwenye damu ya mwanamke, seli nyekundu zilijaa, nyeupe moja moja. Kwenye ya kaka, nyeupe zilisongamana, kila moja na kiini kikubwa kilichoijaza karibu yote. Moja ilikuwa inagawanyika, nyuzi za kiini chake zimevutwa pande mbili.

"Hizo ni changa. Zilitakiwa zikomae ndani ya mfupa kwanza."

Dada aliinama tena kwenye hadubini. Alitarajia kuona kitu kibovu, kilichochanika. "Ee Mungu," alinong'ona, "hata hii inajigawa sawasawa."

Jioni akamwambia mama, "Hakutuficha. Aliamini ni mzima, akailaumu rangi."

Mama alijitanda upya kanga yake. "Basi nimzike bila kinyongo."

Walimzika siku iliyofuata, saa tisa alasiri. Sala ilikuwa fupi. Mama alitia udongo wa kwanza, dada akafuata, kisha wafanyakazi wa maabara wakashika makoleo mpaka kaburi likajaa.