Karavani ya Kiswahili Tupu

Macho ya mama yangu yalipozimika kabisa, picha tulizokuwa tukimtumia kwetu Kalemie, Kongo, zikawa hazina kazi. Dada yangu mdogo, aliyekuwa akikaa naye, alimshikisha simu, naye akapapasa kioo kwa kidole na kuuliza yupi ni nani. Baadaye akaniita nimsikilize vizuri.

"Picha acha. Niletee sauti zao. Noeli hii nataka kila mjukuu azungumze na mimi, si kusema hello na kukimbia."

Miguu yake ilikuwa imevimba, moyo umechoka, na daktari alikwisha kumwambia dada yangu wasitegemee miaka. Kwa hiyo sote tulijua ni Noeli gani anayoizungumzia.

Nina watoto wawili. Wakati huo binti alikuwa na miaka minane na mdogo wake wa kiume minne, wote wazaliwa wa Johannesburg. Kiswahili walikisikia chote, hasa kile tusichotaka wakisikie, lakini walijibu kwa Kiingereza na kugombana kwa Kizulu. Tulikuwa tunapanga vyumba viwili katika nyumba ya zamani ya Bellevue, familia tano uani, na uani hapo Kiswahili kilikuwa lugha ya wazee. Binti yangu alikuwa msemaji. Aliongea akila, akioga, na usingizini pia aliongea. Mke wangu, Mrundi mpole kuliko mimi, alisema mtoto huyo akinyamaza tumpeleke hospitali.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nililiona jambo hili kama aibu yangu: mtoto wa kwanza wa mama, na watoto wake hawawezi kumjulia hali. Samaki mkunje angali mbichi, nilijiambia. Watu wenye haraka hupenda sana methali hiyo.

Kazi yangu ni ufundi wa makochi, karakana yangu iko Bertrams. Mwaka ule mzee mmoja alikuwa ameniletea viti vya karavani yake, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, nivishone upya kwa kitambaa cha kijani. Siku nilipovirudisha, alikaa juu ya kimoja, akakipapasa, akasema mkewe amefariki na yeye hana tena safari. Akanipa funguo. "Wapeleke watoto wako baharini Desemba hii," alisema, "mtairudisha Januari." Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Mke wangu aliona likizo. Mimi niliona wiki tatu bila televisheni, bila uani, bila majirani: kushuka hadi Jeffreys Bay, kufuata pwani hadi Durban, na kurudi nyumbani, Kiswahili tupu njia nzima. Siku ya Noeli, popote tutakapokuwa, tungepiga simu Kalemie.

Sasa niseme nililolifanya. Shuleni kwetu, mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili mahali pa Kifaransa alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Nilikivaa sana darasa la tatu. Basi nami nikachukua kifungo cha kochi, kile kinachovikwa kitambaa, nikakitia uzi. Atakayesema Kiingereza au Kizulu safarini atakivaa mpaka jioni. Nilijiona mjanja, tena mzalendo. Niliona ninalipiza kile kibao.

"Kifungo hiki ni cha nani?" aliuliza mke wangu tulipokuwa tunafunga mizigo.

"Cha mkubwa tu. Mdogo nimemsamehe."

Alikunja mablanketi.

Siku ya kwanza, kabla hatujavuka mto Vaal, binti alikivaa mara tatu. Alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili alinitazama ili ajue kama ni mchezo, nami sikucheka. Kila alipojaribu Kiswahili nilimrekebisha huku nikiendesha: si hivyo, rudia, sema tena. Tulilala Colesberg, kwenye uwanja wa karavani wenye vumbi na mti mmoja. Asubuhi yake aliomba chai kwa kuonyesha kikombe kwa kidole. Nilimpa. Siku nzima ya pili tulipita nchi kavu ya Karoo, mdogo wake akihesabu mbuni kwa lugha aliyotaka, naye akiegemea dirisha. Jioni kifungo kilikuwa kimening'inia kwenye msumari wake, hakijavaliwa. Nikamwambia mke wangu kwamba dawa imeingia.

Siku ya tatu tukafika baharini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watoto wote wawili. Mdogo alichomoka kwenye pikapu iliyovuta karavani kabla sijazima injini. "Yho, Papa! Ulwandle!" alipiga kelele kwa Kizulu kwamba ameona bahari, akakimbia na viatu vyake hadi majini. Binti alishuka, akafunga mlango taratibu, akasimama kwenye mchanga akitazama. Midomo yake ilifunguka, akanigeukia, akaifunga tena. Nilimshika bega, nikafurahi kwamba amekua.

"Papa, unafurahi nini?" mke wangu aliniuliza tulipokuwa tunaegesha karavani. "Kiingereza hasemi, sawa. Kiswahili je, anasema? Siku mbili huyu mtoto hajasema kitu. Umemfunga kinywa."

Nilimjibu vibaya. Nilisema yeye anadekeza, kwamba mama anayesubiri ni wangu, si wake. Sikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa akimpigia mama simu kila Jumapili mimi nikiwa kazini.

Kesho yake asubuhi, tukinywa chai nje, simu ikalia. Zilikuwa zimebaki siku tano kufika Noeli.

"Yaya, mama iko vibaya tangu juzi," alisema dada yangu kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho yaya ni kaka mkubwa. "Anabauliza batoto. Kama beko karibu, bapatie simu sasa."

Niliweka sauti ya nje. Mama alikuwa akihema kama mtu aliyepanda kilima.

"Bajukuu bangu beko wapi?"

Mdogo aliinyakua simu. Akamwaga yote kwa mchanganyiko wake: bahari, mbwa wa jirani, kiatu kilichopotea majini. Sidhani kama mama alielewa neno zaidi ya "Bibi". Lakini alicheka. Kicheko chembamba, kimevunjika katikati, ila cha kweli.

"Eeh, bwana yangu," alimwambia, kama bibi za kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume. "Endelea. Niko nasikia."

Ndipo nilipoelewa kwamba mama alikuwa ameomba sauti, na mimi nilikuwa nimetengeneza mtihani. Nikampa binti simu. Nikamwambia kwa kunong'ona, "Sema. Sema chochote."

Aliishika kwa mikono miwili. Alinitazama mimi, hakuitazama simu.

"Mama? Uko hapo?" aliuliza mama yangu; ndivyo alivyowaita wajukuu wa kike.

Nikamwashiria. Kifua chake kilipanda na kushuka, machozi yakaanza kumtoka, na neno halikutoka.

"Nasikia anapumua," alisema mama. "Haizuru. Mwambie tutaongea Noeli."

Mama alifariki siku ya pili yake. Karatasi zangu za ukimbizi haziniruhusu kurudi, kwa hiyo sikumzika. Tuligeuza karavani, Durban hatukufika. Nyumbani Bellevue watu wa kwetu walileta viti, sufuria na nyimbo, tukaweka matanga uani. Binti yangu alizunguka na vikombe vya chai akiwapokea wazee mmoja mmoja: karibu, asante, poleni na ninyi. Kiswahili safi, wala hakikukwama. Mzee mmoja akanipa mkono, akaniambia nimelea vizuri. Wanasema majuto ni mjukuu. Nilitaka ardhi inimeze.

Sasa binti yangu ana miaka kumi na minne, na nyumbani anazungumza Kiswahili kuliko sisi. Kwa muda mrefu hatukuitaja safari ile. Mwezi uliopita nilimchukua shuleni, tukasimama kwenye robot, taa za barabarani, karibu na karakana, akauliza bila kunitazama:

"Papa, siku ile ningezungumza na bibi kwa Kiingereza, ungenifanya nini?"

"Nisingekufanya kitu, mama yangu. Kitu chochote."

Taa ikawaka kijani. Gari la nyuma likapiga honi.

"Mimi sikujua," alisema.