Swichi ya Tatu

Mtaani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, na hakuna aliyekumbuka kipi kilitangulia. Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha mbele kilitazama barabara: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa kwenye pembe, na pazia ambalo wateja walibadilishia nguo nyuma yake. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na walimwita Kimya. Aliingia, akavua viatu, akala, akasema "ahsante, mama," akalala. Sindano alikuwa akiwaambia majirani kwamba ameolewa na kabati: zito, la kutegemewa, na likifunguliwa hulia mara moja tu.

Alikuwa amelizoea kabati lake. Mwanamke anaweza kuishi na ukimya wa mwanamume maadamu anaamini kwamba ndani hakuna maneno.

Kisha ikaja redio. Kampuni ilipoliuza lori moja bovu kama chuma chakavu, Kimya aliiomba simu yake ya upepo, ile redio ya kusemeana ambayo madereva huifunga karibu na usukani. Aliileta nyumbani akaiweka kwenye rafu juu ya cherehani, ili akikaribia mji amwambie mkewe aweke chakula jikoni. Fundi redio akapanda juu ya bati kusimika antena, akashuka na vumbi magotini, akaeleza. Swichi ya kwanza ni ya sauti. Ya pili ni ya chaneli. Madereva wa huku wote wako kumi na tisa, usiwatafute kwingine. Ya tatu ni ya kukata mikwaruzo: izungushe polepole mpaka kelele ikatike, na uishie hapo hapo. Na kitufe cha kwenye maiki, ukikibonyeza unasema, ukikiachia unasikia. Sindano aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza nasaha za mawifi.

Alipoondoka yule fundi, kelele haikukatika sawasawa. Ilirudi vipande vipande, chakara, chakara, na wateja wakanung'unika. Sindano akafikiri kwa akili ya kazi yake: uzi ukilegea unaukaza. Akaikamata swichi ya tatu akaizungusha mpaka mwisho, kama mtu afungaye chupa ya mafuta. Chumba kikatulia. Akafurahi.

Tangu siku hiyo redio ilinyamaza mpaka itokee sauti yenye nguvu ya kuuvunja ukimya ule. Sauti ya mumewe iliuvunja alipofika kona ya mwisho: "Nimefika. Weka chakula." Na sauti nyingine iliyouvunja, kutwa nzima, ilikuwa ya mwanamke. Huyo alikuwa karani wa safari kwenye yadi ya malori, mitaa miwili kutoka pale. Madereva walimwita Dada Lango, kwa kuwa ndiye aliyeamuru geti lifunguliwe. Alikuwa na sauti nene kidogo, yenye usingizi ndani yake, sauti ya mtu aliyeegemea kitu.

Mwanzoni Sindano alimsikia kama anavyosikia mvua. Kisha akaanza kusikia jina. Kasuku. "Kasuku, umeanza tena." Mwanya mtupu. Kicheko. "Ehe, halafu akakwambiaje?" Mwanya tena. Kicheko kirefu zaidi, cha mtu anayejifuta macho. Sindano naye alijikuta akitabasamu, akimwonea huruma mke wa huyo Kasuku, popote alipo.

Mpaka siku ile alipomsikia Dada Lango akisema, "Kasuku, mzigo wako wa saruji uko tayari, geti la pili," na nusu saa baadaye sauti aijuayo ikamwambia kutoka konani, "Leo nitachelewa. Naenda kupakia saruji."

Mguu wake ulisimama juu ya pedali.

Wivu una njaa ya ajabu. Ukinyimwa chakula unajipikia wenyewe. Sindano alisikia nusu tu ya mazungumzo, na nusu nyingine akaishona yeye. Kila mwanya aliutia maneno matamu ambayo hakuwahi kuambiwa. Kabati lake kumbe lilikuwa na nguo, tena za hariri, ila lilifunguliwa kwingine. Alimtazama mumewe akila, akamhesabia matonge, akitafuta huyo kasuku amejificha wapi. Akamuuliza barabara ilikuwaje. "Ndefu," alijibu Kimya.

Sindano akalipiza kwa silaha aliyokuwa nayo. Aliipunguza suruali ya kazi ya Kimya kiunoni. Akashona mfuko wa shati ukafungwa kabisa, kwa mishono midogo mizuri. Kimya alijaribu kuingiza kalamu, ikagoma. Akaiweka nyuma ya sikio akaenda kazini bila kuuliza. Hilo lilimchoma Sindano kuliko yote. Hata ugomvi, alimwekea mwingine.

Kisha akasikia lile neno. Dada Lango alikuwa akisema taratibu, bila kicheko: "Nimekupangia za mchana tu. Usijali. Mkeo hatalijua kutoka kwangu."

Za mchana tu. Sindano aliikata kanzu ya mteja vibaya siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Akaamua kwamba Kimya akirudi atakuta begi lake mlangoni.

Kabla hajarudi, alasiri, mwanamke aliingia dukani na gauni mkononi. Alisema hodi, na Sindano akaijua sauti kabla hajainua macho.

Alikuwa mtu wa rika lake, si mrembo wa kutisha, ila shingo yake ilikuwa nzuri, na alisimama kama mtu aliyezoea kusubiriwa. Akaomba gauni liachiwe kidogo pembeni, alikuwa ameongezeka mwili. Sindano akasema avae. Akampima. Akauzungusha utepe kiunoni, akaukaza kupita haja, akasikia joto la mwili ambao alikuwa ameuwazia mchana na usiku. Akachomeka pini ubavuni, moja baada ya nyingine.

"Taratibu, dada," mgeni alisema. "Humo ndani kuna mtu."

"Kuna watu wengi wamo ndani ya mtu," Sindano alijibu.

Mgeni akacheka, kicheko kile kile, na macho yake yakapanda rafuni. Akauliza kama redio ile inafanya kazi. Sindano, pini zikiwa mdomoni, akasema inafanya, ila hasikii watu wengi. Mgeni akaunyoosha mkono, akaigusa swichi ya tatu.

"Si ajabu. Umeifunga mpaka mwisho. Hivi walio mbali wote umewazuia mlangoni. Utakuwa unanisikia mimi tu, mwenye antena ndefu." Akairudisha polepole. Mikwaruzo ikamwagika chumbani, na ndani ya mikwaruzo, mbali, kama mtu anayeongea ng'ambo ya mto, mwanamume alikuwa akizungumza.

Alizungumza sana, kama mtu anayejua kwamba akiwa mbali vile redio ya nyumbani haimsikii. Alikuwa akimwambia dereva mwenzake kwamba suruali yake imeanza kumbana na mfuko umejifunga wenyewe, nguo zimemsusa, na kwamba hathubutu kuuliza kwa sababu fundi wake ana mkasi. Mwenzake alikuwa hoi kwa kucheka. Kisha sauti ikashuka. Alisema jana jua lilipozama taa za magari yanayokuja ziligawanyika tena, kila moja ikawa mbili, na kama asingezifuata taa za nyuma za mwenzake angesimama njiani. Macho yanakwenda, alisema. Kampuni ikijua, basi. Na nyumbani atasemaje?

Sindano alizitoa pini mdomoni.

Mgeni alimtazama, akautazama uso wake kwenye kioo, na akaelewa yuko nyumbani kwa nani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ndiyo maana alimpangia safari za mchana.

"Afadhali ungekuwa hawara," Sindano alisema. "Hawara ningemfukuza. Wewe amekupa hofu yake."

Mgeni hakukana kitu. Alisema tu kwamba mtu akisema vile hewani, ni vigumu kutomsikiliza.

Sindano akaichukua maiki. Akabonyeza. "Kasuku," alisema, na jina hilo likawa chungu ulimini. "Ni mimi. Fundi mwenye mkasi. Nimesikia." Akaendelea kubonyeza, akiogopa jibu, mpaka mgeni alipomkumbusha kwamba akishikilia hivyo hataambiwa neno, na kwamba pale ni sokoni, kila dereva ametega sikio, wenye siri huhama chaneli.

Akabonyeza tena. "Hama. Nenda namba ya mlango wa chumba chetu cha kwanza. Kama unaikumbuka."

Kisha akamgeukia mgeni. "Toka nje, dada."

"Na pini hizi?"

"Nitazitoa baadaye. Toka."

Dada Lango akatoka, mikono imeinuliwa kidogo pembeni ili asichomwe, akasimama kibarazani mbele ya wapita njia. Sindano akaufunga mlango. Akaizungusha swichi ya pili, namba kwa namba, mpaka kwenye ile ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua. Mikwaruzo mitupu. Aliiacha swichi ya tatu wazi kabisa, akasubiri.

Ghafla mikwaruzo ikatulia, jinsi inavyotulia mtu wa upande wa pili akishabonyeza na bado hajasema. Alikuwa pale. Alikuwa akitafuta maneno, na safari hii alikuwa akimtafutia yeye.